Tuta la Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Aprili
Mvua imeanza saa nne asubuhi, wiki nzima kabla ya hesabu yangu. Nimefungua daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa, na kwa sababu leo nimekabidhiwa Bonde la Tatu. Mkuu wa karakana yetu ya gemu analitaka mwisho wa Mei.

Watu wakiniuliza kazi yangu, huwaambia nachonga ardhi ya gemu. Nafungua uwanja mtupu kwenye kompyuta, tambarare kama meza, halafu nashika brashi. Iko ya kuinua, ya kushusha, ya kusawazisha, ya kulainisha, na iko ya mmomonyoko, ambayo huangusha matone ya mvua na kuyaacha yajitafutie njia. Nachagua upana wa brashi na nguvu yake, naburuta kipanya, na mlima unaota. Miti na nyumba ni kazi ya wengine. Jirani yangu wa meza tunamwita Mawe, kwa sababu yeye hupanga mawe tu. Anasema sisi wawili tunaumba dunia kwa mshahara wa karani.

Leo: saa sita za kazi. Milima miwili, mto mmoja.

Jumanne, 4 Aprili
Mvua. Nimeshusha mto mita nne. Umekaa vizuri.

Alhamisi, 6 Aprili
Mvua asubuhi na jioni. Wanaotujaribia gemu wamelalamika kwamba kwenye njia ya Bonde la Pili mtu wao anajikwaa kwenye vivimbe ambavyo hata havionekani. Mkuu amebandika karatasi ukutani: ARDHI ISIMKWAZE MCHEZAJI. Mawe akauliza kama naye aanze kutengeneza mawe laini. Mkuu hakucheka.

Mchana wote nimelainisha. Upana thelathini, nguvu nusu. Mkono umeshaizoea kazi hii kiasi kwamba hauniulizi. Nikiona kivimbe, nakuta nimeshakipitia.

Jumapili, 9 Aprili
Nimepiga simu nyumbani. Kaka ananitania kama kawaida, ananiita mhandisi wa milima ya uongo. Anasema niende nikauchonge na huu wao, mvua inataka kuwaingilia jikoni. Mama alisema yu mzima. Halafu simu ikachukuliwa na wifi, mke wa kaka, akasema huwa nawakumbuka mvua ikinyesha tu. Yule mwanamke ulimi wake ni msasa. Miaka kumi na miwili nauvumilia. Nikamwambia awasalimie watoto.

Jumanne, 11 Aprili
Saa kumi jioni nimepigiwa. Kilima cha kwetu kimeporomoka saa nane mchana. Nyumba tatu. Mama na wifi walikuwa wameenda kusaga, watoto walikuwa shuleni. Kaka alibaki nyumbani, kichwa kilikuwa kinamuuma.

Mkuu ameniruhusu niende nyumbani. Nimebeba kompyuta mpakato ya kazini bila kuomba, sijui kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa tayari begani.

Jumatano, 12 Aprili
Nimefika saa sita. Sikukitambua kilima. Mimi ambaye kazi yangu ni vilima nilisimama pale nikageuka huku na huku kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba. Kutoka juu mpaka kona ya mto ni tope jekundu, pana kama viwanja viwili vya mpira. Kikosi cha uokoaji kina katapila moja na watu ishirini wa sepetu.

Mama hataki kuondoka. Msimamizi wa kikosi amemtafutia kigoda, akamweka pembeni kushoto, karibu na jabali, mahali ambapo tope linaonekana halina kina na limeanza kukauka na mashine haipiti. Amekaa, mikono magotini. Nilimsalimia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula.

Wifi yuko na watoto kwenye darasa la shule ya msingi ambako tumepewa hifadhi. Hakulia aliponiona. Alisema, "Umefika," kama mtu anayehesabu magunia.

Ijumaa, 14 Aprili
Mvua. Hawakuchimba.

Jumanne, 18 Aprili
Waliofukiwa ni saba. Leo amepatikana wa sita, bibi wa nyumba ya juu. Majirani wote sasa wana wao wa kuzika. Wanapotuaga hawatutazami usoni, kama watu waliohudumiwa kabla yetu kwenye foleni tuliyowahi sisi.

Amebaki kaka peke yake. Sisemi tena "akiwa hai." Nimejikuta leo nimeacha kulisema, na sijui niliacha siku gani.

Mabati ya nyumba yetu yameonekana chini kabisa, kwenye kona ya mto, yamekunjamana. Mama anasema alimwacha kaka amelala chumbani. Kwa hiyo msimamizi anachimba huko chini.

Alhamisi, 20 Aprili
Msimamizi ni mtu mzima mwenye sauti iliyokauka, na hana maneno mengi. Leo alitukusanya, akauliza nyumba ilisimama wapi hasa, na ardhi ililalaje kabla. Mama alinyoosha mkono huku. Jirani akanyoosha kule. Mimi nikanyoosha kwingine. Hakuna ramani ya kilima chetu. Nani angekichorea ramani?

Akasema, kwa upole, kwamba kuchimba bila kujua ardhi ilikuwaje ni kupapasa. Nikamwambia ninaweza kumtengenezea kilima kama kilivyokuwa. Akaniuliza kwa udongo? Nikamwonyesha mpakato. Alitazama Bonde la Tatu likizunguka kwenye skrini, mto wake na milima yake. Halafu akaniita dada wa milima, akaagiza niunganishiwe umeme wa jenereta lao.

Tangu nifike, leo ndiyo mara ya kwanza nimekula nikashiba.

Jumamosi, 22 Aprili
Siku tatu, kesho ya nne. Nafanya kazi kwenye dawati la darasa, magoti yakigonga mbao. Naandika hatua zote ili nisipotee.

Moja: picha. Nimekusanya kumi na moja kutoka simu za ndugu. Harusi, ubatizo, ng'ombe aliyezaa. Watu wamejaa mbele, mimi natazama kilicho nyuma ya masikio yao.

Mbili: vipimo. Wachimbaji wawili wamenishikia kamba kutoka jabali mpaka mto, na kutoka jabali mpaka mti uliobaki juu.

Tatu: urefu. Kazini huwa tunauongeza kila mlima mara moja na nusu, kwa sababu mlima wa kweli ukiuweka kwenye skrini unaonekana kichuguu. Kipimo hicho kimo ndani ya kila faili jipya, na mwingine angesahau. Nimekitoa kabla sijagusa brashi.

Nne: kuchonga. Nimeinua mgongo wa kilima kwa brashi pana, nikashusha bonde la upande wa mto, nikasawazisha uwanja wa nyumba. Jiko nimeliweka nyuma ya nyumba, upande wa juu. Picha ya saba inaonyesha kivimbe nyuma ya jiko, kama kivuli hivi. Nilikiinua, kikaharibu mteremko wote, ukaonekana una jipu. Nimekilainisha. Upana thelathini, nguvu nusu. Sasa umetulia.

Wifi alipita na ndoo, akasimama nyuma yangu. Akasema kilima changu ni kizuri mno. Nilijua si sifa. Nikamwambia kama ana cha kusaidia aseme, kama hana aniache nifanye kazi. Aliondoka na ndoo yake.

Jumatatu, 24 Aprili
Mvua siku nzima. Mama alikaa kwenye kigoda chini ya turubai.

Jumatano, 26 Aprili
Nimeshika brashi ya mmomonyoko, nikaweka mita ishirini juu ya nyumba, nikaangusha matone elfu moja. Yakashuka moja kwa moja, yakapita jikoni, yakapita chumbani kwa kaka, yakaishia kona ya mto, mita thelathini kulia kwa mahali wanapochimba. Nikarudia mara ishirini. Mara ishirini yakaenda palepale.

Msimamizi alisema wazi kwamba hicho ni kitu cha kuchezea. Nikasema ndiyo, lakini maji yake yanafuata mteremko kama maji mengine. Akakuna kidevu. Alisema hana kingine mkononi, na kwamba kesho katapila itahamia nilikoonyesha.

Nilimwambia mama. Akanishika kidole kimoja, kidole cha kipanya, akakibana.

Alhamisi, 27 Aprili
Wamechimba mita mbili. Hakuna.

Ijumaa, 28 Aprili
Mita tatu. Mlango wa chumba cha mama. Kitanda cha mtoto. Hakuna kaka.

Jumamosi, 29 Aprili
Mita tatu na nusu. Sufuria moja, si yetu. Mvua saa tisa, wakaacha.

Jumatatu, 1 Mei
Shimo limejaa maji. Wamelitoa maji kwa pampu tangu asubuhi. Hakuna.

Jumanne, 2 Mei
Nitaandika yote ingawa najionea aibu.

Wifi alinikuta darasani nikiangusha matone. Alifunga mlango ili watoto wasisikie. Akasema inatosha. Akasema anataka tuwaambie kikosi waache, papandwe nyasi, pawe kaburi, watu waje tulie tumalize.

Nikamwambia anaonekana ana haraka. Nikasema, na haya ndiyo maneno yangu, sitayapunguza hapa: "Kaka yangu hajawa udongo kwa sababu wewe umechoka."

Alikaa kwenye dawati la mbele, kinyume, akinitazama kama mwalimu. Akasema, "Wifi, wewe unaye kwenye hiyo mashine. Unamzungusha unavyotaka. Mimi nina wiki tatu sijamlilia mume wangu, maana kila nikianza unatoka na mahali papya."

Aliinuka, akafungua mlango.

Niliandika ukurasa mzima juu yake baada ya hapo, nikauchana. Ilikuwa ni chuki tupu, na mwandiko ulikuwa mbaya.

Alhamisi, 4 Mei
Msimamizi ametuita wote watatu, mama, wifi na mimi. Barabara ya wilaya ya pili imekatika na kuna watu wamefungiwa huko. Katapila itaondoka Jumatano saa kumi jioni. Baada ya hapo kilima kitafungwa, hakuna mtu atakayeruhusiwa kuchimba wala kuishi hapo. Alisema amejaribu kuomba siku zaidi. Ninamwamini.

Mama aliuliza mpaka Jumatano ni siku ngapi. Wifi akamwambia, sita. Mama akarudi kwenye kigoda.

Zimebaki siku sita na mimi nimeishiwa brashi.

Ijumaa, 5 Mei
Mawe amepiga simu. Amenichongea sehemu ya Bonde la Tatu ili nisifukuzwe, anasema mlima wake unafanana na kiatu. Nilitaka kucheka nikashindwa, nikalia, yeye asikate simu mpaka salio lake likaisha.

Jumamosi, 6 Mei
Mvua. Matone elfu kumi. Palepale.

Jumapili, 7 Mei
Leo hakukunyesha. Naandika saa kumi na moja jioni, na nitakwenda polepole na kwa mpangilio.

Saa saba mchana nilikuwa nimekaa tu mbele ya skrini, sifanyi chochote. Wifi aliingia. Tangu Jumanne tulikuwa tunaambiana habari za chumvi na sabuni tu. Akavuta dawati, akakaa kando yangu, akasema anataka kuiona nyumba yake kabla hawajafunga kilima.

Nikamwambia haina madirisha, ni boksi. Akasema hata boksi.

Nikafikiri jambo la kumpa. Kazini, tukimaliza kuchonga, huwa tunamweka mtu kwenye ardhi tumtembeze, ili tuone njia inavyopitika. Nikamweka. Ni kijitu cha kijivu, hakina uso. Nikamwonyesha vitufe vinne vya mishale: mbele, nyuma, huku, huku. Akauliza kama anaweza kuanzia popote. Nikasema popote. Akasema nimweke kwenye chemchemi.

Chemchemi wanakochota maji iko juu, kulia. Nikamweka hapo. Akagusa kitufe kwa kidole kimoja kama anayepima moto wa pasi, na kijitu kikaanza kushuka. Hakwenda ovyo. Alifuata njia ambayo sikuwa nimeichora, akizunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikamuuliza anazunguka nini. Akasema mzizi. Nikauliza na hapa? Akasema hapa ng'ombe wa jirani hufungwa. Aliniambia yote hayo bila kuondoa macho kwenye skrini, na nikaona shingo yake imenyooka, kichwa hakitikisiki, kama ana ndoo juu yake.

Akafika nyuma ya jiko. Akaachia kitufe. Akarudi nyuma hatua tatu, akaja tena. Akaachia tena.

"Hapa huwa nainua mguu," akasema.

Nikamwambia labda ni mbele kidogo. Akasema hapana. Miaka kumi na miwili, mara nne kwa siku, ndoo kichwani na mtoto tumboni au mgongoni. "Hapa nainua mguu wa kulia, naukanyaga juu, halafu nashuka. Hiki kijitu chako kimepita kama kinateleza kwenye sabuni. Tuta liko wapi?"

Nikauliza tuta gani.

Akanieleza. Mwaka walipooana maji yalikuwa yanaingia jikoni. Kaka akachimba mfereji, ukaziba. Basi wakaanza tuta, yeye na kaka, la udongo na mawe, mshazari, kutoka upande wa chemchemi kwenda upande wa jabali. Kila msimu wameliongeza. Majivu ya jiko, mabua, matofali yaliyovunjika, kila kisichofaa kimeishia kwenye tuta. Mwaka wa kwanza lilikuwa la kifundo cha mguu. Mwaka huu upande wa juu lilimfika kiunoni, ila pale njia inapopita walikuwa wamelikanyaga likawa kama ngazi moja.

Nilirudi kwenye daftari hili, Jumamosi ya tarehe 22. Limeandikwa kwa mkono wangu. Kivimbe. Jipu. Nimekilainisha.

Nilikumbuka kuondoa kipimo cha urefu, kitu ambacho mwingine angesahau. Nilijivunia. Na kumbe mkono wangu ulikuwa unaendelea kumtengenezea mchezaji njia, asije akajikwaa. Niliondoka kwenye kilima kile nina miaka kumi na mitatu kwenda bweni, nikawa narudi likizo, nikikaa sebuleni kama mgeni. Sijawahi kuchota maji pale tangu tuta liwepo. Na mwenye tuta alisimama nyuma yangu na ndoo mkononi, akaniambia kilima changu ni kizuri mno, nami nikamfukuza.

Nilimwambia ukweli wote. Nilidhani atanichapa maneno. Akasema, "Sasa lirudishe."

Nikashindwa. Sikujua linapita wapi. Nikampa kipanya.

Nilimwekea brashi ya kuinua, upana mbili, nguvu ndogo. Mkono wake ni mzito, ulizoea mpini. Mara ya kwanza alitoa mnara, nikatendua, ukafutika. Mara ya pili akalipeleka mbali, nikatendua. Ya tatu akafumba macho kidogo, akafumbua, akaburuta taratibu kutoka chemchemi kwenda jabali, akipinda mahali fulani kwa sababu ya jiwe ambalo kaka alishindwa kuling'oa, na alipofika kwenye njia akalegeza kidole. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini mwaka wa kila kipande. Huu mwaka wa mapacha. Huu mwaka ambao kaka alivunjika mkono, wifi akajenga peke yake. Nilihifadhi.

Nikaangusha matone elfu moja. Yakashuka, yakagonga tuta, yakapinda kushoto. Yakalisukuma jiko pembeni, yakatandaa kwenye ule uwanja wa karibu na jabali, yakatulia. Nikaendelea kuangusha. Tuta lilipojaa likavunjika katikati, na yaliyobaki yakapita moja kwa moja kwenye nyumba mpaka kona ya mto.

Kwa hiyo nyumba ilikwenda kulia, jiko likaenda kushoto, na mabati ya jiko hakuna aliyewahi kuuliza yako wapi.

Nikasema lakini kaka alikuwa chumbani, mama alimwacha amelala. Wifi akasema, "Mvua kama ile, kaka yako alale? Alikuwa kwenye tuta. Kichwa kingeweza kupasuka, angekuwa kwenye tuta."

Tukatazamana. Sote wawili tulikuwa tumeona ni wapi matone yalitulia, na sote hatukutaka kuwa wa kwanza kusema nani amekaa hapo.

Jumatatu, 8 Mei
Mvua mpaka saa nane. Nimemwonyesha msimamizi. Alitazama mara tatu. Akasema mara ya kwanza nilimwonyesha kitu nikiwa na uhakika hivihivi. Nikasema ndiyo, na nikamweleza nilichokosea, na nani amekisahihisha. Akamgeukia wifi, akamuuliza tuta lilikuwa la kimo gani. Wifi akajigusa kiunoni.

Kesho. Nusu siku tu, halafu lazima wafungashe.

Jumanne, 9 Mei
Anga jeupe, hakuna mvua.

Dereva wa katapila kila asubuhi, akipita, humwambia mama asogee kidogo, kwa adabu tu, maana mama hayuko njiani. Leo alizima mashine, akashuka, akavua kofia, akasimama palepale. Wifi ndiye aliyekwenda. Akachuchumaa mbele ya kigoda. Sikusikia alichosema. Mama aliangalia chini katikati ya miguu yake kwa muda mrefu. Halafu akainuka mwenyewe, akakibeba kigoda, akaenda hatua saba, akakaa tena.

Hawakutumia mashine. Walichimba kwa sepetu, taratibu. Kwenye kimo cha goti tope lilikuwa bado laini, na tulikuwa tumesema halina kina. Kiunoni likatokea majivu, majivu mengi, meupe ndani ya wekundu, na vipande vya matofali. Wifi akasema, "Mwaka wa kwanza," akaziba mdomo.

Kwenye kimo cha bega wakafikia bati la jiko. Lilikuwa zima. Wanaume wanne walilinyanyua.

Alikuwa chini yake, ubavuni, amejikunja kama mtu anayelinda kitu, na jembe lake lilikuwa pamoja naye. Kutoka jikoni kwake mpaka hapo ni hatua ishirini na moja. Nimezipima kwenye faili.

Wifi alilia. Sijawahi kusikia sauti ile. Nilimshika kiunoni ili asiingie shimoni, na uzito wake wote ukanijia, nikauchukua.

Mama hakulia. Alisema, si kwa mtu yeyote, "Kumbe nilikuwa naye."

Msimamizi aligeuka akawapa wachimbaji amri ambayo hawakuihitaji.

Jumatano, 10 Mei
Katapila imeondoka saa kumi. Dereva alipiga honi mara moja, kwa upole.

Ijumaa, 12 Mei
Tumemzika upande wa pili wa mto. Mvua kidogo.

Jumatatu, 22 Mei
Nimerudi kazini. Mlima wa Mawe kweli unafanana na kiatu. Tumeuacha. Karatasi ya Mkuu bado iko ukutani.

Jumapili, 28 Mei
Siku ya tano bila mvua. Nafikiri msimu umekwisha.

Wifi amekuja mjini kwa shughuli ya karatasi za kaka, amelala kwangu siku mbili. Amekosoa namna ninavyofunga mapazia, sufuria zangu, na chai yangu. Leo asubuhi, akiwa ameshavaa viatu vya safari, aliniuliza kama kile kilima nimekifuta.

Nikasema sijakifuta.

Akasema kule wameweka uzio na bango, hata watoto hawawezi kuonyeshwa kwa mbali. Akasema basi lake ni saa sita, bado kuna muda.

Nikafungua mpakato kwenye meza ya kulia. Sikuuliza aanzie wapi. Nikamweka kijitu kwenye chemchemi, nikamsogezea vitufe. Alinyoosha shingo. Akashuka, akazunguka mzizi, akazunguka ng'ombe wa jirani. Alikuwa amejifunza, kidole hakikusita.

Mimi sikuwa natazama skrini. Kijitu kilipofika nyuma ya jiko, chini ya meza, ndani ya kiatu cha safari, mguu wake wa kulia uliinuka, ukakanyaga, ukashuka.